Kabla Hujamwambia Mdai "Nitalipa Ijumaa"

Kwa miaka minne kazi yangu ilikuwa kuwapigia watu simu na kuwadai pesa zisizo zangu. Ofisi ilikuwa orofa ya nne, Moi Avenue, Mombasa. Ukutani, chini ya feni iliyokuwa ikilia kama paka, bosi alibandika karatasi ya herufi kubwa: DAWA YA DENI KULIPA. Kila mmoja wetu alikuwa na jina la kazini. Mimi nilichukua la mwalimu wangu wa darasa la tatu, maana hata leo nikilisikia najikuta nimekaa wima.

Niliacha mwaka 2021, sasa nauza viungo Kongowea. Lakini kwetu Likoni habari zilishaenea, na jioni nikishuka feri nakuta mtu ananisubiri na simu mkononi: "Dada, hebu nisomee hii meseji. Nimpigie au ninyamaze?" Nimechoka kurudia maneno yale yale, ndiyo maana naandika. Ninayoyajua ni ya Kenya, na ni ya madeni ya benki, kampuni za mikopo na programu za simu. Shailoki wa mtaani, yaani mkopeshaji binafsi, aliyeshika kitambulisho chako ni habari nyingine kabisa.

Kwanza mjue anayekupigia. Mara nyingi siye uliyemkopa. Mkopo ukipita siku 90 bila kulipwa, benki huuhesabu kuwa chechefu, na karibu na hapo faili hupewa wakala wa kukusanya madeni. Wakala hula kwa jasho lake: hupata sehemu ya kile atakachokutoa. Ukitoa sufuri, naye apata sufuri. Hilo ukilishika, nusu ya hofu inakutoka.

Kwenye skrini nilikuwa naona vitu vinne: jina, deni, siku ulizochelewa, na ahadi yako ya mwisho. Mtoto aliyelazwa sikumwona, duka lililoungua sikuliona. Ukinisimulia masaibu yako kwa dakika kumi, mimi nilikuwa nangoja neno moja tu, siku. Ukishasema "nitalipa Ijumaa" naandika Ijumaa, nakata simu, nasonga kwa mwingine. Ijumaa ikipita bila pesa, faili lako linachafuka kuliko la mtu ambaye hakuahidi chochote. Ahadi tatu zilizovunjika na sisi tulikuwa tunakupeleka kwa mawakili, si kwa chuki, ila kwa sababu ndivyo tulivyoagizwa. Kwa hiyo simu ya kwanza usitaje siku wala kiasi, hata ukibanwa vipi.

Simu hiyo iende hivi. Yeye: "Mama, unalipa lini?" Wewe: "Nimekusikia. Nipe jina lako, jina la kampuni yenu, na mnanidai kwa niaba ya nani." Andika. Yeye: "Hilo si muhimu, deni unalijua." Wewe: "Naomba mniletee kwa maandishi mchanganuo wa deni. Nitawajibu kwa maandishi. Barua pepe yangu ni hii." Kisha kata kwa adabu. Usitukane. Simu zile hurekodiwa, na mwenye kinywa kichafu kwetu alikuwa hapunguziwi hata shilingi, maana hakuna aliyetaka kumsemea kwa msimamizi.

Usizime laini wala usibadilishe namba. Aliyepotea hapunguziwi, anatafutwa.

Sasa mchanganuo. Hapa ndipo pesa nyingi huokolewa, na watu hupapita mbio. Nitatumia deni la jirani yangu, fundi cherehani, kwa ruhusa yake. Alikopa benki akanunua mashine mbili, akalipa vizuri hadi ikabaki 52,000. Mumewe akaugua, malipo yakasimama. Miaka miwili baadaye wakala akampigia akidai shilingi 131,400. Alikuja kwangu akilia, huku tayari ameahidi elfu tano kila mwisho wa mwezi, pesa ambayo hana. Tukaomba mchanganuo. Ulichukua siku tisa na simu nne kupatikana, ukaja kwenye karatasi moja: mkopo uliobaki 52,000, riba na faini 66,900, gharama za kufuatilia 12,500.

Tukakaa mezani, chai ya tangawizi, kalamu nyekundu. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinasema mkopo ukishakuwa chechefu, riba ambayo benki inaweza kukudai haipiti kile kiasi cha mkopo kilichokuwa kimebaki ulipokwama. Alikwama kwenye 52,000, basi riba mwisho wake 52,000. Zile 66,900 zimezidi kwa 14,900. Kata. Sheria hiyo hiyo inaruhusu gharama za kufuatilia deni, lakini gharama ina risiti: barua ya wakili, ada ya korti, kitu. Wao hawakuwa na hata karatasi moja. Tukazungushia duara zile 12,500. Kabla hatujaanza kuomba huruma ya mtu, deni lilikuwa limeshuka hadi 104,000, na mwenyewe alikuwa ameacha kulia, anauliza kama sukari ipo.

Kwenye mchanganuo angalia pia kama malipo yako yote yamehesabiwa. Chukua taarifa yako ya M-Pesa ya miezi ile, linganisha mstari kwa mstari. Nimeona malipo ya watu yakielea kwa sababu mtu alikosea tarakimu moja ya namba ya akaunti.

Halafu kuna tarehe uliyolipa mara ya mwisho. Deni la mkataba likikaa miaka 6 bila kulipwa, bila wewe kulikubali kwa maandishi na bila kesi, mdai akienda kortini unaweza kujitetea kwamba muda umepita. Lakini ukilipa hata kidogo, au ukiandika "ni kweli nadaiwa", saa inaanza upya. Sasa utaelewa kwa nini tulifundishwa kusema, kwa sauti ya upole kabisa: "Mama, tuma hata mia tano tu uonyeshe nia njema." Kwenye deni la zamani, mia tano ile haikuwa nia njema. Ilikuwa ufunguo. Nilizipokea nyingi sana, na hilo ndilo jambo la kazi ile ninalolionea aibu mpaka leo.

Ukishajua deni halisi, rudi kwako. Usiku watoto wakilala, andika kinachoingia na kisichoepukika: chakula, kodi ya nyumba, karo, dawa, nauli. Kinachobaki ndicho chako cha kujadili, si zaidi. Kama una madeni manne, usiyape usawa. Linalotangulia ni lenye dhamana au lenye watu nyuma yake: pikipiki uliyoweka rehani, hati ya shamba, Sacco ambayo wenzako kazini wamekudhamini na mishahara yao itakatwa. Programu ya simu ya shilingi 3,000 inayokutumia meseji kumi na tano kwa siku ndiyo inayopiga kelele kuliko zote, na mara nyingi ndiyo inayoweza kungoja. Mwajiriwa akumbuke kwamba makato yote ya mshahara hayafai kupita theluthi mbili. Asikubali mpango unaomwacha na payslip ya sufuri.

Jirani yangu alipiga hesabu akaona hivi: zamu yake ya chama cha kuchangiana inakuja na 25,000, cherehani kuukuu ataiuza 15,000, na kaka yake aliyeko Muscat ameahidi kusaidia mwezi ujao. Mwisho wake kabisa ni 65,000. Namba hiyo tuliiandika nyuma ya kalenda, nikamwambia asiitaje kwa mtu yeyote, hata kwangu asiirudie.

Tukaanza na 38,000. Si 5,000. Aliyedaiwa 130,000 akatoa 5,000 tulikuwa tunamweka kwenye spika ofisi nzima icheke. Dau la kwanza liwe dogo, lakini liwe na sababu, na liwe pesa inayoonekana. Barua yake ilisema hivi:

"Kwa Msimamizi wa Madeni. Kuhusu mkopo nambari (ikaandikwa). Bila kuathiri haki zangu. Nimepokea mchanganuo wenu. Nilipokwama, mkopo uliobaki ulikuwa shilingi 52,000. Riba na faini ya 66,900 imepita kiwango cha kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, na gharama za 12,500 hazikuambatishwa risiti yoyote. Malipo yalisimama mume wangu alipougua; barua ya hospitali ipo. Naweza kulipa shilingi 38,000 kwa mkupuo mmoja ndani ya siku 14, mkiniandikia kwamba kiasi hicho kinamaliza deni lote. Pesa hii ni ya zamu ya chama na ya cherehani kuukuu ninayouza, na haitakuwepo baada ya siku hizo."

Yale maneno "bila kuathiri haki zangu" yanaonyesha kwamba barua ni ya mazungumzo, isije ikageuzwa ushahidi kortini. Na ile siku 14 si pambo. Wakala akijua pesa ipo leo na kesho itakuwa imeliwa na karo, anaamka kwenda kwa msimamizi. Ndivyo ilivyo: mpiga simu ana ruhusa ya kupunguza faini na riba hadi kiwango fulani tu. Ukitaka zaidi, lazima apande ngazi, na mwenye ngazi ni benki. Kwa hiyo akisema "haiwezekani", uliza: "Haiwezekani kwako au kwa benki? Naomba upeleke kwa anayeweza." Swali hilo nililichukia sana nikiwa kwenye kile kiti, maana jibu lake ni la kweli.

Wakajibu 95,000. Hatukujibu siku tano. Kunyamaza baada ya kuweka dau kwa maandishi si kukimbia. Barua yako inakusemea. Wakapiga simu: 78,000. Akasema, kama tulivyofanya mazoezi, "Nashukuru umenishughulikia. Uwezo wangu nimeuandika." Nilimwona vidole vinatetemeka juu ya meza. Tarehe 28 wakarudi tena. Mwisho wa mwezi ndio wakati wetu wa njaa, lengo halijafika na bosi anapita nyuma ya viti na daftari. Disemba ni zaidi, kwa sababu mabenki yanafunga hesabu za mwaka. Siku hiyo alipanda hadi 55,000, wao wakashuka hadi 61,000: 40,000 sasa na 21,000 ndani ya siku 45. Akakubali. Ilikuwa chini ya namba ya kalenda kwa elfu nne.

Kama huna mkupuo, omba awamu, ila ujue punguzo litakuwa dogo. Na awamu iwe unayoweza kulipa hata mwezi mbaya. Elfu mbili isiyokosa ina thamani kuliko elfu saba ya mara moja, kwa sababu mikataba mingi ya punguzo ina sharti kwamba ukikosa awamu moja deni lote linarudi na riba yake. Soma sharti hilo. Omba nafasi ya siku saba za kuchelewa iandikwe humo.

Sasa hili, tafadhali: barua kwanza, pesa baadaye. Usitume hata shilingi kabla barua ya makubaliano haijafika ikiwa na nembo ya mdai au ya wakala aliyeidhinishwa, jina lako na nambari ya mkopo, kiasi na tarehe, na sentensi inayosema wazi kwamba malipo hayo yanamaliza deni lote na mabaki yanafutwa. "Tumepokea pendekezo lako" si makubaliano. Kama barua imetoka kwa wakala, ipigie benki yenyewe, kwa namba ya tawi lako na si namba uliyopewa na wakala, uulize kama wanaitambua. Na pesa iende kwenye akaunti au nambari ya Paybill ya mdai. Mwenzangu mmoja ofisini alikuwa akipokea kwenye simu yake binafsi, "nitakulipia mwenyewe mama, usihangaike." Alifukuzwa, lakini wale waliomtumia walibaki na deni lao kama lilivyokuwa.

Hundi sishauri. Kutoa hundi ya akaunti unayojua haina pesa ni kosa la jinai, na deni lenyewe si jinai. Usibadilishe moja kuwa lingine kwa mkono wako.

Hapo tuongee vitisho kidogo. "Polisi wako njiani" ni uongo. Polisi hawakamati mtu kwa kushindwa kulipa mkopo. Kifungo cha kiraia kipo, lakini kinapitia kortini, baada ya hukumu, na hakimu anatakiwa kuangalia kama una uwezo wa kulipa na unakataa tu. "Tutawapigia watu wote kwenye simu yako" kulikuwa mchezo mkubwa wa programu za mikopo, mpaka Kanuni za Watoa Mikopo ya Kidijitali za mwaka 2022 zilipopiga marufuku vitisho, matusi, kuaibisha watu hadharani na kuwasumbua watu walio kwenye orodha ya simu ya mdaiwa. Wakikufanyia, piga picha ya skrini, hifadhi namba na saa, peleka malalamiko Benki Kuu na kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kwa sheria ya mwaka 2019 ofisi hiyo inatakiwa kumaliza lalamiko ndani ya siku 90. Malalamiko hayafuti deni. Lakini nimeona kampuni ikilegea ghafla kwenye mazungumzo baada ya kuitwa kujieleza.

Dalali akija mlangoni ni jambo zito zaidi, usimchanganye na mpiga simu. Mwambie akuonyeshe leseni na karatasi iliyomtuma. Kwa mali inayohamishika anatakiwa kwanza aandike orodha ya vitu na thamani yake, akuachie, na akupe siku 7 za kukomboa. Siku hizo saba ni zako: hata hapo bado unaweza kujadiliana na mdai, na wengi hukubali kwa sababu mnada una gharama na kochi la miaka sita haliuziki. Kama anatekeleza hukumu ya korti, kuna vitu haviguswi: nguo za lazima, sufuria za kupikia, vitanda na matandiko ya familia, na zana za fundi. Jirani yangu aliposikia hilo la zana aliinuka akaenda kuigusa cherehani yake.

Ukiletewa karatasi za korti, usizitie droo. Soma siku ulizopewa kujibu, na ujibu. Korti ya madai madogo husikiliza madai hadi shilingi milioni moja na wakili si lazima. Hata kesi ikishafunguliwa mnaweza kuandikiana maafikiano ya awamu na kuyawasilisha mbele ya hakimu. Asiyejibu huhukumiwa kwa namba ya mdai yote nzima, pamoja na zile 12,500 zisizo na risiti.

Ukimaliza kulipa, kazi haijaisha. Ndani ya wiki mbili dai barua ya kuthibitisha kwamba deni limekwisha. Kisha chukua ripoti yako ya CRB, yaani kampuni zinazotunza rekodi za jinsi watu wanavyolipa mikopo; una haki ya kuipata bure mara moja kwa mwaka, na kampuni zenye leseni ni tatu, TransUnion, Metropol na Creditinfo, kwa hiyo angalia zote. Deni lisomeke kuwa limelipwa na salio sufuri. Kumbukumbu kwamba uliwahi kukwama haiondoki siku hiyo hiyo, hukaa miaka 5, na anayekuambia atakufutia kwa elfu tatu anakula pesa yako. Kinachobadilika ni hali ya deni, na hilo ni la mdai kurekebisha, bure. Tuma barua yako, usubiri, tuma tena.

Jirani yangu alilipa 21,000 siku ya 41. Barua ikaja baada ya siku kumi na mbili na simu tatu. Akaitia plastiki kule Posta, nakala moja akaniachia mimi, nyingine akambandikia mumewe ndani ya mlango wa kabati. Miezi minne baadaye akapigiwa simu na wakala mwingine, kampuni tofauti, deni lile lile, 131,400. Mafaili huzunguka, wala sikushangaa. Nilikuwa nimekaa kibarazani kwake nachambua iliki. Akamwambia yule kijana asubiri, akaingia ndani, akafungua kabati, akamsomea barua yote kuanzia tarehe ya juu hadi muhuri. Kijana akaomba atumiwe picha. "Nitakutumia," akasema, "lakini kwanza nipe jina lako. Jina lako la kweli, si la kazini."